Mlango wa Nyuma Kwenye Kompyuta ya Wifi

Simu ya kaka ilimkuta Bisibisi ameilaza printa ubavu mezani, koleo ndogo mkononi, akivuta kipande cha karatasi kilichonasa ndani. Aliiacha ilie. Ikalia tena. Ya tatu akaipokea kwa kuibana begani.

"Wifi yako wamemsimamisha kazi," kaka alisema, bila hata salamu. "Wanasema amevujisha mtihani."

Bisibisi aliweka koleo chini.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani na hata benki walimwita Bisibisi, kwa sababu akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya baba yake yote, akapanga vipande vyake kwenye mkeka, kisha akairudisha ikasikika vizuri kuliko ilivyokuwa. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, na kompyuta za watu zilikuwa zimejaa karakana yake mpaka kwenye ngazi. Mteja akimuuliza kama mashine yake itapona, alijibu ndiyo au hapana. "Tutaona" halikuwa neno lake.

Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa mwalimu wa hesabu, tena kiongozi wa jopo lililotunga mtihani wa majaribio wa shule kumi na moja. Alikuwa mwanamke wa kunyoosha kila kitu, hata vitambaa vya kufutia ubao alivipiga pasi. Kwa miaka kumi na minane yeye na Bisibisi walikuwa wameheshimiana bila kupendana sana. Walisalimiana vizuri, wakapeleka zawadi watoto walipozaliwa, basi.

Bisibisi alifunga karakana akaenda.

Alimkuta wifi sebuleni ameshika tama, daftari la alama limefunguliwa magotini bila kusomwa. Kaka alikuwa amesimama dirishani. Kisa chenyewe kilikuwa hivi: Jumatatu, siku moja kabla ya mtihani, mzazi mmoja alimpelekea mkuu wa shule simu aliyomnyang'anya mwanawe. Mle simuni mlikuwa na maswali yote ishirini, neno kwa neno. Mtihani ukafutwa. Lakini kilichommaliza wifi kilikuwa swali la saba.

"Niliandika mita mahali pa sentimita," wifi alieleza. "Nikaliona kosa, nikalirekebisha kabla ya kuchapa. Karatasi zilizochapwa hazina kosa hilo. Wenzangu wa jopo hawakuwahi kuliona. Na kwenye simu ya yule mtoto, wifi, imeandikwa mita."

"Kwa hiyo yametoka kwenye kompyuta yako."

"Ndivyo wanavyosema, na siwezi kubisha. Ningekuwa mimi kwenye kamati ya uchunguzi, ningesema hivyo hivyo."

"Nani mwingine anaigusa?"

"Hakuna anayejua nywila yangu."

Dirishani, kaka alikohoa kidogo, akaendelea kutazama nje.

"Ulimtumia mtu yeyote lile faili?"

"Sikumtumia mtu."

"Basi kuna aliyejichukulia," alisema Bisibisi. "Iko wapi hiyo kompyuta?"

"Kabatini kwa mkuu wa shule, imebandikwa utepe na kupigwa muhuri. Kamati inakaa Ijumaa."

"Leo Jumatano. Muda tunao. Wewe kula, ulale. Kama kuna kitu kimejipenyeza humo, nitakitoa."

Wifi alimtazama kwa macho ya mtu anayetamani kuamini na anaogopa kuamini. Kisha akalifunga lile daftari.

Kesho yake asubuhi Bisibisi alifika shuleni na begi lake la zana. Kwenye mlango wa chumba cha walimu palikuwa pamebandikwa karatasi: LEO HAKUNA WIFI. Mwalimu mmoja aliyekuwa akitoka, aliyejua mgeni huyu ni wifi wa mwenzao, aliisoma, akamtazama, akacheka peke yake. "Naona leo yupo," alisema. Bisibisi naye akacheka, na mabega yake yakalegea kidogo.

Ofisini kwa mkuu wa shule alikutana na Mkaguzi, mwenyekiti wa kamati. Alikuwa mzee mwembamba aliyeandika kwa penseli iliyochongwa kama sindano.

"Wewe ni nani kwa mtuhumiwa?" aliuliza.

"Ni wifi yangu, mzee. Ameolewa na kaka yangu."

"Basi ushahidi wako hautakuwa na uzito wowote."

"Sikuja kutoa ushahidi. Wewe ndiye utakayebonyeza, mimi nitasema wapi. Utakachokiona utakiona kwa macho yako."

Mkaguzi hakuwa ametegemea jibu hilo. Alizungusha penseli, akamtazama mkuu wa shule, mama mnene mwenye sauti ya chini. Mkuu aliinua mabega. Utepe ukakatwa.

Kabla ya jambo lolote, Bisibisi aliifungua kompyuta kwa chini, akatoa diski, akaiunganisha na kifaa chake cha kunakili. Alinakili mara mbili. Nakala moja alimkabidhi Mkaguzi ndani ya bahasha na kumwambia aweke sahihi yake juu ya gundi.

"Hivi kesho mtu akisema nimepachika kitu, utafungua hiyo," alisema. "Na kuanzia sasa hakuna intaneti. Mashine iwe kama imefungiwa chumbani peke yake."

Waliirudisha diski, wakaiwasha kompyuta. Wifi alikuwa ameiandika nywila kwenye karatasi ya kamati, nayo Mkaguzi aliibonyeza kwa kidole kimoja. Bisibisi alimwelekeza afungue lile dirisha jeusi la amri, kisha akamtajia herufi moja baada ya nyingine. Ikatokea orodha ya mawasiliano ya kompyuta, yaani nani anaongea na nani huko nje. Hakuna kilichokuwa kimefunguliwa, si barua pepe wala kingine. Orodha ilitakiwa itulie.

Ilitulia dakika mbili. Kisha mstari mmoja ukajitokeza, namba ndefu ya anwani ya mbali, na mbele yake neno la kuonyesha kwamba kompyuta imepiga hodi na haijajibiwa. Ukapotea.

"Ni nini hicho?" aliuliza Mkaguzi.

"Angalia saa yako, mzee. Tusubiri."

Mkuu wa shule alileta chai. Baada ya dakika tano kamili mstari ukarudi, namba ile ile. Baada ya tano nyingine, tena. Mkaguzi alikuwa ameshaandika nyakati zote tatu kwa safu.

"Intaneti tumeizima," alisema polepole, "lakini kitu humu ndani kinaendelea kumtafuta mtu."

"Kinamtafuta bwana wake. Hili dude tunaliita mlango wa nyuma. Halifuti kitu, haliharibu kitu, ndiyo maana mwenye mashine hastuki. Linajiweka ndani, halafu kila baada ya muda linapiga simu nje: mimi nipo, una agizo? Bwana wake akijibu, anaingia. Anasoma mafaili, anayachukua, hata anatazama unachoandika. Nywila ya mwalimu haimzuii, maana hapitii mlango wa mbele."

"Na limejificha wapi?"

Hapo sasa Bisibisi alikuwa kwenye uwanja wake. Akamwelekeza Mkaguzi afungue orodha ya kazi ambazo kompyuta imeagizwa kuzifanya yenyewe kila inapowashwa. Zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa halali. Alizipitia kwa kidole bila kugusa kioo, midomo ikicheza, akasimama kwenye moja iliyojiita sasisho la printa.

"Mwalimu hana printa," alisema. "Anachapa kwa karani. Hebu tazama hilo sasisho linaishi wapi."

Liliishi ndani ya folda iliyofichwa, mahali ambapo programu ya printa haina shughuli. Mlikuwa na programu moja ndogo, na pembeni yake faili lililobanwa na kufungwa kama mzigo wa safari. Mkaguzi alilifungua kwenye kompyuta ya Bisibisi isiyounganishwa popote. Lilikuwa na maswali ishirini. Kwenye la saba iliandikwa mita.

Mkuu wa shule alisema, kwa sauti yake ya chini, "Masikini, mwalimu wangu."

"Bado," alisema Mkaguzi. "Mwalimu mwenyewe angeweza kuufunga mzigo huo."

"Soma saa faili lilipofungwa."

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Mkuu wa shule alitoka bila kuambiwa, akarudi na kitabu cha vipindi. Saa nne na nusu mpaka saa tano na dakika hamsini, mwalimu wa hesabu alikuwa darasani, upande wa pili wa uwanja, na kiranja alikuwa amesaini. Kompyuta alikuwa ameiacha ofisini, imefungwa kwa nywila lakini inawaka.

"Saa ya kompyuta inaweza kurudishwa nyuma au kupelekwa mbele," alisema Mkaguzi. Hakuwa na ukali tena. Aliuliza kama mtu anayetaka hesabu ikae sawa.

"Inaweza. Kwa hiyo linganisha. Asubuhi hiyo hiyo alipokea barua pepe tatu, zimehifadhiwa humu humu, na kila barua inabeba saa ya mtumaji na saa ya kila kituo ilikopitia. Zikitofautiana na saa ya hapa, nitafunga begi langu."

Mkaguzi alizilinganisha zote tatu, akazikagua mara mbili. Zilikubaliana. Mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Swali la mwisho. Liliingiaje?"

Bisibisi alikuwa amelisubiri swali hilo kwa furaha, kwa kuwa kujua njia ya kuingilia ni nusu ya kazi. Waliifuata tarehe ambayo folda iliyofichwa ilizaliwa. Ilikuwa Jumamosi, wiki tano nyuma, saa kumi jioni. Kisha wakatafuta kilichopakuliwa saa hiyo. Ilikuwa programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha, ile inayouzwa ghali, lakini hii ilikuwa imevunjwa kufuli na kugawiwa bure. Ndani yake mlikuwa na maelezo mafupi: kabla ya kusakinisha, zima kinga ya virusi. Na kweli kinga ilikuwa imezimwa tangu saa kumi na dakika tatu.

Programu hiyo ilikuwa imewekwa ndani ya folda yenye jina la herufi kubwa: KAZI SAFI.

Bisibisi alilisoma jina hilo, akalisoma tena. Kaka yake alikuwa fundi wa madirisha ya vioo. Kila karatasi ya makadirio aliyompa mteja, kila boksi la skrubu na hata kopo lake la gundi aliviandika maneno hayo hayo, kwa herufi kubwa.

"Unamjua aliyefanya hivi," alisema Mkaguzi. Hakuwa mjinga.

"Andika tarehe na saa kama zilivyo, mzee. Sifichi. Jina litakuja kesho, na natumaini litaletwa na mwenyewe."

Mkaguzi aligeuza ukurasa. "Kesho saa nne," akasema, akaandika.

Bisibisi alimkuta kaka kwenye karakana yake ya madirisha, anakata fremu. Alipomwona dada yake mlangoni alizima msumeno, akajua.

"Jumamosi ile," alisema Bisibisi.

Kaka alikaa juu ya rundo la alumini. "Alikuwa anaandika upya mitihani ya zamani kwa mkono, karatasi kwa karatasi, mpaka macho yanamtoka machozi. Nikasikia kuna programu unaipiga picha karatasi, inaandika yenyewe. Nilitaka nimshangaze. Nikaisakinisha, ikafunguka, ikajifunga. Nikaona haifai, nikaachana nayo."

"Ukazima na kinga."

"Waliandika zima, nikazima. Kwani mimi nilijua?"

"Na nywila uliipata wapi?"

Alitabasamu bila kupenda. "Ni tarehe ya harusi yetu. Yeye anadhani siikumbuki."

Bisibisi alitaka kucheka, akajizuia. "Jumatatu uliposikia, ulihisi."

"Nilihisi."

"Na leo Alhamisi. Siku nne, kaka, mwenzio anaonekana mwizi, na wewe unachungulia dirishani."

Kaka aliinamisha kichwa. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitano. Ndiye aliyempigania alipofungua ile redio, ndiye aliyemwambia baba yao amwache mtoto amalize. Haikuwa rahisi kumsemesha hivyo, lakini Bisibisi hakulainisha neno.

"Niliogopa," kaka alisema. "Si kamati. Yeye. Hajawahi kunikosea heshima hata siku moja. Niliogopa atakavyonitazama."

"Mwambie leo, kabla hamjala. Mimi sitakutangulia kumwambia, ila kesho saa nne sitamwongopea Mkaguzi. Na ulimpa nani mwingine programu hiyo?"

"Karani wa shule. Aliniomba, nikamwekea kwenye flashi."

"Haya, asante kwa hilo," alisema Bisibisi, na alimaanisha.

Jioni wifi alimpigia. "Kaka yako ameniambia."

"Umemfanya nini?"

"Sijasema naye saa nzima. Sasa hivi nimemwambia achague shati la kesho. Tunakwenda wote." Kisha akaongeza, "Wifi, na hiyo nywila nitaibadilisha."

"Utaibadilisha kwa kompyuta nyingine, si hiyo."

Ijumaa kamati ilikaa kwenye chumba cha walimu. Alikuwepo Mkaguzi, mkuu wa shule na mwakilishi wa wazazi, baba aliyekuja na hasira zake zimekunjwa vizuri. Mkaguzi alisoma alichoandika kwa penseli tangu mwanzo hadi mwisho, nyakati, namba na saa za barua pepe, naye alisoma taratibu ili hasira ya yule baba ipate nafasi ya kupoa. Alipofika kwenye Jumamosi ile alisimama, akainua macho.

Kaka alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi," alisema. "Mke wangu hakujua. Nilitaka kumsaidia, nikawafungulia watu nisiowajua. Na nilipohisi, nilinyamaza siku nne. Hilo la kunyamaza ndilo ninaloomba radhi zaidi, kwake kwanza, kisha kwenu."

Wifi alikuwa akitazama mbele, mgongo umenyooka kama rula. Mkono wake ulimshika mumewe kwenye pindo la shati, ukamvuta akae.

Haikuchukua nusu saa. Mwalimu alirudishwa kazini siku hiyo hiyo, na mkuu wa shule aliahidi kusema mbele ya shule nzima alichokwisha sema mbele ya kamati. Nakala ya diski ilipelekwa polisi pamoja na ile namba ya mbali, wamtafute aliyeyachukua maswali na kuwafikishia wanafunzi. Mwakilishi wa wazazi alimpa mwalimu mkono, akafika mlangoni, akarudi akampa mkono tena.

Kisha Bisibisi akakunja mikono ya blauzi.

Aliiwasha kompyuta kwa flashi yake safi, ili lile dude lisipate kuamka, akachambua diski yote. Aliondoa kazi iliyojiita sasisho la printa, akaiondoa programu yenyewe na folda yake. Akakuta pia akaunti ya mtumiaji iitwayo msaada, ambayo hakuna aliyeifungua, na kibali kwenye ukuta wa kinga kilichoruhusu mgeni apite. Akavifuta. Walimu walikuwa wamemzunguka na vikombe vyao.

"Sasa imepona?" aliuliza mmoja.

"Huyu niliyemwona nimemtoa. Alikuwa humu wiki tano, na sijui kama hakuwaita wenzake. Kwa hiyo nafuta kila kitu, nasakinisha upya."

"Na kazi zangu?" wifi aliuliza.

"Maandishi na picha zako tumezichambua, zitarudi. Programu hakuna hata moja itakayorudi. Na kuanzia leo utatumia akaunti isiyo na ruhusa ya kusakinisha kitu. Ukitaka programu, nipigie."

Wakati diski ikijisafisha, wifi alikaa kwenye kompyuta mpya ya maabara, akabadilisha nywila zake zote, ya barua pepe kwanza, akaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia humo. Bisibisi alikwenda kwa karani. Kule alilikuta dude lile lile, limejipa jina tofauti, likipiga simu kila baada ya dakika tano. Karani alishika mdomo. Bisibisi alimwambia avute kiti aangalie linavyotolewa. Mashine nyingine sita za shule zilikuwa safi, na saa kumi alasiri kazi ilikuwa imekwisha.

Wiki mbili baadaye mtihani mpya ulifanyika katika shule zote kumi na moja bila tatizo. Jioni ya siku ile wifi alipita karakanani peke yake, akapangusa kiti, akakaa katikati ya kompyuta za watu.

"Miaka yote hii nilikuwa nakuona una maringo," alisema.

"Ninayo," Bisibisi alijibu, huku akikaza skrubu.

"Nimeona. Yanasaidia." Akavua viatu, akanyoosha miguu. "Kaka yako bado hajaacha kuniomba radhi. Asubuhi ameomba tena, nikamwambia imetosha, alete chai."

"Akaleta?"

"Akaleta. Bila sukari, lakini nimekunywa."

Walikaa mpaka wateja wa mwisho wakaja kuchukua mashine zao, na wifi ndiye aliyewaandikia risiti, kwa mwandiko ulionyooka.